Wifi Prisca, Dawa Imefika Kibosho

Wifi Prisca,

Nimechoka. Najua wewe ulitufundisha kuanza kila barua na shukrani, lakini wewe si mbunge wala Mganga Mkuu wa Wilaya. Wewe ni wifi yangu, na kwako nadhani naweza kuanza popote. Nimechoka mpaka nyayo. Nimekaa hapa nje ya jiko lako, mchana huu, mvua imekatika na migomba bado inadondosha maji. Kaburi lako naliona kutoka nilipo. Doreen amelipalilia vizuri.

Huu ni mwaka wa tatu na sijakuandikia hata mara moja. Nimeandikia watu wengi sana tangu uondoke, na wengi wao hawakujibu. Labda ndiyo maana nilikuogopa wewe. Sikutaka kuongeza mwingine wa kutokujibu.

Nianze na habari za nyumbani. Mama yetu bado yupo. Macho yamefifia, na siku nyingine ananiuliza kama umesharudi kutoka shuleni. Zamani nilikuwa namweleza. Siku hizi nasema bado, naye anasema basi tukuwekee chakula. Kahawa tumeng'oa mistari yote ya chini, ile iliyo karibu na mfongo wa maji, tukapanda nyanya na mahindi. Najua ungegomba. Ungesimama katikati ya kihamba, shamba letu la nyumbani, mikono kiunoni, uniulize kama nimesahau kahawa ndiyo iliyokupeleka chuo cha ualimu. Sijasahau, wifi. Lakini watu wote wa mstari wetu wameng'oa. Sasa hivi ukitoka kwetu mpaka kanisani unaweza usikutane na mti wa kahawa wenye afya. Na simu zimefika huku juu! Ukisimama pale kwenye kona ya mchungwa, unaongea na mtu wa Dar kama yuko ng'ambo ya ua.

Doreen yuko kidato cha nne. Mrefu, mkali, anapenda hesabu. Ana mdomo wa kaka yangu na macho yako, na akinikasirikia sijui ni nani kati yenu anayenitazama.

Kumtaja kaka yangu kunanirudisha kwenye jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza hadi mwisho. Aloyce alipoletwa kutoka Mererani, amekonda mpaka pete yake ilikuwa imefungwa kwa uzi, mimi ndiye niliyesema. Si mama, si wajomba. Mimi. Nilisimama kwenye baraza ya nyumba yako nikasema mbele ya watu kwamba umemuua ndugu yetu. Kaka alikaa miaka mingapi kule machimboni, anakuja Krismasi tu, na wewe upo hapa na chaki yako na ng'ombe wako, halafu mimi nikakuita muuaji. Uliingia ndani ukaendelea kumwosha.

Mwaka uliofuata mume wangu alipofariki Moshi mjini, ndugu zake wakanirudisha kwetu na sanduku moja, wewe ndiye uliyenifungulia. Nilikuja mlangoni kwako na jani la sale mkononi, kama tunavyofanya huku mtu akitaka kusamehewa, nikiwa nimejiandaa kupiga magoti. Ulilichukua lile jani, ukalitazama, ukaniambia, "Ingia ndani, unaloa." Hilo ndilo lote ulilosema. Wiki mbili baadaye ulinisindikiza mjini kupima. Tulitoka pale na karatasi yangu, ukanishika mkono kuvuka barabara kama mtoto. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nililia zaidi kwa ule mkono kuliko kwa ile karatasi.

Watu hapa wananiuliza kazi yako ilianzaje, nami nawaambia ilianzia kwenye daftari la mahudhurio. Ulikuwa unafundisha darasa la tatu. Ulikuja nyumbani siku moja ukasema unaita majina ya watoto asubuhi na kila mara kuna mmoja anayekaa kimya, kisha wenzake wanajibu kwa niaba yake, "Mwalimu, kwao kuna msiba." Ukasema wanalisema hilo kama wanavyosema mtu ana mafua. Hilo ndilo lililokukera. Hukuwa mtu wa kulia. Ulikuwa mtu wa kukerwa.

Ukaandika barua ya kwanza kwenye karatasi ya daftari, kwa Mheshimiwa Mbunge. Haikujibiwa. Ukaandika ya pili. Kisha ukatukusanya wanawake wanane wa jumuiya, Jumapili baada ya misa ya pili, jikoni kwako hapa, ukatupikia mtori. Mungu anisamehe, wifi, mtori wako ulikuwa mbaya. Ulikuwa na chumvi ya kutosha parokia nzima. Lakini tulikula na tukasikiliza. Ulisema, "Barua moja, ombi moja. Ukiomba mambo matano, atachagua lililo rahisi." Ulisema tusimtukane mtu tunayetaka atusaidie. Ulisema tusiandike "wananchi wanateseka," tuandike jina la mtu na kijiji chake, tuandike alitembea saa ngapi mpaka hospitalini na akakuta nini. Mama Yustina aliuliza kama sisi wanawake wa Kibosho tunaweza kweli kumwandikia waziri. Ukamwambia, "Kwani waziri hajui kusoma?"

Tulikuwa tunashuka mjini na barua zetu kwa Bwana Kanji, yule mzee wa Kihindi mwenye duka la karatasi na mashine ya kutoa nakala. Anatamka Kichagga kwa ulimi wake wa Kigujarati, na wewe ulikuwa unacheka mpaka unashika kaunta. Alianza kwa kutusaidia nakala. Baadaye akawa anatusahihishia bahasha. Halafu siku moja akatuambia binti yake aliyeolewa Kanada ana jirani, mpishi wa shule, ambaye hukutana na majirani zake wanne jikoni kwao kuwaandikia wabunge wa huko, ili serikali yao ichangie mfuko wa dunia wa dawa za ukimwi na kifua kikuu na malaria. Wewe hukuamini. Mzungu, mpishi, anaandika barua kwa ajili ya watu wa Kibosho ambao hajawahi kuwaona?

Ukamwandikia kwa Kiingereza chako cha chuo. Jibu lake lilipofika ulilisoma umesimama pale pale dukani. Alisema wamekwisha kuandika barua nyingi na mbunge wao hajawajibu isipokuwa kwa kadi ya Krismasi. Ulicheka sana, wifi. Ulisema, "Kumbe hata kule hawajibu!" Nakumbuka ulitembea njia nzima ya kupanda hadi nyumbani na uso mwepesi, kama mtu aliyeambiwa ugonjwa wake unaitwaje. Tangu hapo ulikuwa unampelekea majina ya watu wetu, kwa ruhusa yao, naye anayasoma mbele ya wabunge wake. Na sisi tulikuwa tunamwuliza mbunge wetu, wenzako wa huko wameulizwa, wewe utauliza lini?

Sasa nifike kwenye siku ya ukumbi wa parokia. Nimeizunguka vya kutosha.

Mheshimiwa alikuja hatimaye. Alikaa meza ya mbele, karibu na Paroko, na saa yake ameilaza mezani. Tulisoma barua yetu. Aliisikiliza, akatushukuru, halafu akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Akina mama, barua zenu zote ni wagonjwa, wagonjwa. Huyo mgonjwa yuko wapi? Mimi nataka nimwone mtu."

Wewe ulikuwa benchi la kwanza. Ulisimama, ukaweka sketi yako sawa, ukasema, "Mheshimiwa, mgonjwa ni mimi. Naitwa Prisca, nafundisha darasa la tatu. Dawa ninayohitaji ipo duniani, ila haipo hapa kwetu. Naomba utuulizie bungeni itafika lini." Ukakaa. Yule mheshimiwa alichukua saa yake mezani akaitia mfukoni. Kisha akauliza kama kuna mwingine.

Mimi nilikuwa benchi la pili, nyuma yako. Nilikuwa naona shingo yako na ule mshono wa kola niliokushonea mwenyewe. Nilijua kwamba kuna mwingine. Na wewe ulijua, wewe peke yako katika ukumbi ule. Ungegeuka tu kidogo kunitazama, watu wote wangejua. Hukugeuka. Ulikaa umenyooka, ukitazama mbele, mpaka Paroko akasema basi tusali.

Nilikaa, wifi. Nilitazama sakafu.

Njiani kurudi nilingoja uniseme. Uliongea habari za saa yake. "Umeona alivyoitia mfukoni? Huyo amesikia." Kisha ukaongea habari za majani ya ng'ombe. Hukunisema siku ile wala siku nyingine, hata wazazi walipoanza kuhamisha watoto kutoka darasa lako, hata mwalimu mkuu alipokuhamishia stoo ya vitabu eti upumzike. Kwenye chumba cha walimu walikuwekea kikombe chako peke yako. Ulikileta nyumbani ukakitumia kupimia mahindi ya kuku. Nilikuwa nakutazama ukiwamwagia kuku mahindi kwa kile kikombe, nami nikijua kwamba nusu ya aibu ile ilikuwa ya kwangu na wewe unaibeba yote.

Mheshimiwa aliuliza kweli bungeni. Tulisikia redioni, tumejazana hapa jikoni. Jibu lilikuwa kwamba suala hilo linashughulikiwa. Uliandika maneno hayo kwenye karatasi ukayabandika juu ya meko, na kila moshi ulipoyachafua ulisema, "Bado linashughulikiwa."

Halafu kikohozi. Nilikisikia kabla hujakubali kwamba kipo. Ulikunywa dawa za kifua kikuu ukapata nafuu, ukarudi kuandika, ukaanguka tena. Ile dawa nyingine, ya kurefusha maisha, wakati huo ilikuwepo mjini kwa mwenye uwezo wa kuinunua kila mwezi. Mimi na mama tulikubaliana tuuze ng'ombe. Ulikuwa umelala, tukadhani husikii. Ukasema kutoka chini ya blanketi, "Ng'ombe ni miezi miwili. Mwezi wa tatu nimeze kamba yake?" Mama alitoka nje. Mimi nilicheka, nikashindwa kuacha, nikacheka mpaka ikawa si kicheko.

Ile asubuhi ya masika tuliyokushusha hospitalini kwa pikapu, barabara ilikuwa uji. Tulikwama chini ya shule, wanaume wakashuka kusukuma, na watoto wako wa darasa la tatu wakatoka kuangalia. Walikuwa wanasimama mbali, halafu mmoja akasema "Shikamoo Mwalimu," na wote wakaitikia hivyo hivyo, na wewe ukainua mkono. Uliniambia kwa sauti ndogo, "Hii barabara nayo iandikiwe, lakini barua yake peke yake." Kisha ukaniambia barua ya Mganga Mkuu ipo ndani ya daftari la kijani, imebaki kusainiwa, niimalizie. Siku ya tatu tulikurudisha kwa barabara ile ile.

Barua ile niliiacha ndani ya daftari miezi minne. Sasa unajua. Nilikuwa napita karibu na meza yako nikifuta vumbi pembeni, siligusi daftari. Nilijiambia nina msiba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekukasirikia. Nilikuwa nasema moyoni, ona barua zimekufikisha wapi.

Niliipeleka mwezi wa tisa. Nikarudi kuulizia jibu. Nikarudi tena. Katibu wake, binti mwenye adabu nzuri, aliniambia njoo Jumanne, na Jumanne aliniambia njoo Alhamisi. Nililijua lile benchi la koridoni mpaka nikajua msumari wake uko wapi. Jikoni Jumapili tulikuwa tumebaki watatu. Mama Yustina tulimzika kabla ya Pasaka, na Felista akamfuata. Mmoja alikwenda Dar kwa watoto wake. Wengine wawili walijiunga na shirika jipya lililokuja na magari meupe, ambalo watu wake wanakaa semina hotelini na kula kuku. Siwalaumu. Mtu akikuletea kiti chenye mto baada ya miaka ya kukaa kwenye magogo, unakaa. Mimi mwenyewe nilikwenda mara moja. Kuku alikuwa mtamu.

Kisha wilaya ikaitisha kikao cha wadau wa afya, na Bwana Kanji akanipatia nafasi. Nilivaa ile sketi yako ya kijivu. Nilikuwa nimeandaa sentensi nne kama ulivyotufundisha, na nilikuwa nimezisema njia nzima kwa sauti mpaka mbuzi wa watu wakanishangaa. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Naitwa Restituta, ni fundi cherehani wa Kibosho. Ninaishi na virusi vya ukimwi. Wifi yangu alikufa akisubiri dawa, na mimi naisubiri hiyo hiyo. Naomba mtuambie itapandishwa lini mpaka kituo chetu cha afya, maana wagonjwa wetu hawawezi kushuka mjini kila mara."

Nikusimulie kilichotokea, utacheka. Nilipofika kwenye neno virusi, chai ililetwa. Akina mama wa jikoni walianza kupitisha vikombe na maandazi, bwana mmoja mbele akatoka nje kupokea simu. Nilimaliza, mwenyekiti akasema asante mama, tumelichukua. Nikakaa, nikingoja dunia ianguke. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami, mtu wa Machame, simjui hata jina, akanisogezea bakuli akaniuliza, "Sukari unaweka?"

Basi hilo tu. Miaka yote ile, na mshono wa kola yako mbele ya macho yangu, na kikombe cha kuku, kwa sababu ya kuogopa kitu ambacho kilipokuja kilikuwa sukari. Sisemi ingekuwa hivyo siku yako. Siku yako haikuwa hivyo, na ilikuwa rahisi kwangu kwa sababu wewe ulitangulia kusimama wakati watu bado wanatisha. Najua. Niliweka vijiko vitatu.

Na dawa ilifika, wifi. Nimelisema mwishoni kwa sababu sijui kulisema. Ilifika kituo chetu cha afya mwaka mmoja na miezi minne baada ya kukuzika. Siku hizi kila Alhamisi ya pili muuguzi anapanda na kasha lake, anakaa kwenye kile chumba walichokuwa wakiweka magunia ya mbegu, anaita majina. Anayaita kwa sauti, na watu wanaitika. Wananenepa. Mimi nimenenepa. Sketi yako sasa inanibana. Yule mama mpishi wa Kanada alipopata habari aliandika kurasa tatu, Doreen akanitafsiria, na ukurasa wa mwisho wote ulikuwa unakuhusu wewe.

Watu waliniletea ndizi na mbege kunipongeza. Wakati wanakunywa, nilikuwa na kopo langu la vidonge mfukoni, linatoa sauti kila nikitembea. Nilikuja hapa kaburini kwako. Sikusali. Nilisimama na lile kopo nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua, nikamwambia Mungu na serikali na wewe pia. Mwaka mmoja na miezi minne. Ungeweza kufika. Nimehesabu na kuhesabu na kila nikihesabu naona ungeweza kufika.

Nilimwuliza Mganga Mkuu siku moja, mtu mwema yule, anafanya kazi sana. Nilimwuliza kama barua zetu zilisaidia. Akafikiri, akaniambia bila ubaya wowote, "Mama, ilikuwa kwenye mpango. Ingefika tu." Nikashuka ngazi za ofisi yake nimeshika ukuta. Labda ni kweli. Labda mpango wenyewe uliletwa na mpishi wa Kanada na wewe na wengine kama ninyi ambao hatutawajua. Hakuna mtu atakayeniambia, na nimechoka kuuliza.

Mwezi uliopita dawa zilikatika wiki mbili. Muuguzi alikuja na kasha tupu akaona aibu kutuangalia. Nikaandika tena. Zikaja. Zitakatika tena na nitaandika tena, na kidole changu hiki cha kushikia kalamu kimeota sugu juu ya sugu ya sindano.

Ndipo Alhamisi iliyopita akaja mwanamke kutoka Mabogini. Anaitwa Mwanaidi, analima mpunga kule chini. Alifika hapa na matope ya mabonde yao bado yamekauka kwenye pindo la khanga, akanisalimu shikamoo ingawa hatupishani sana umri. Alisema watoto wao wanakufa kwa malaria, zahanati yao inakaa wiki nyingi bila dawa, na amesikia kuna mwalimu Kibosho aliyeandika barua mpaka dawa ikapanda mlima. Amekuja kumwona huyo mwalimu.

Alidhani uko hai, wifi. Alikuwa amekuletea mchele.

Nilimwambia umefariki. Aliuliza kwa ugonjwa gani, nikamwambia. Mchele wake ukiwa mapajani, akaniuliza, bila dhihaka, kama mtu anayetaka kujua njia, "Kwa hiyo barua hazikumsaidia?"

Nilimpakulia chakula, nikamwambia nitamletea habari, nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba siendi. Nina dawa zangu, nina mama asiyeona, nina cherehani. Mtu ana haki ya kuchoka. Niliporudi, Doreen alikuwa amesimama hapa mlangoni na kitabu chake, amesikia yote. Akasema, "Shangazi, ungemwambia ukweli. Barua zilimmaliza mama. Angepumzika angefika." Akaingia ndani. Baada ya muda akatoka tena, hajanitazama, akachukua ule mchele akauweka kwenye ungo kuupepeta.

Siku tano nimelitafuta neno la kumjibu mtoto wako na sijalipata. Huenda ana haki. Ulikuwa unaandika huku unakohoa, mimi nikikuwashia taa ya chemli badala ya kukunyang'anya kalamu. Hilo nalo naomba unisamehe, kama ni kosa. Wewe ungeniambia si kosa, lakini wewe ulikuwa mbishi na hukuwa sahihi kila siku.

Basi nimeamua hivi, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Jumamosi nitashuka Mabogini. Siendi kwa sababu nimepata nguvu, nguvu sina. Naenda kwa sababu yule mwanamke alitembea na mchele wa mtu aliyekufa, na sioni namna ya kuula nikakaa. Nitawafundisha jinsi ya kuandika barua moja, na wakijua nitarudi nyumbani nilale.

Na hili ndilo ninalokuahidi. Wakiniuliza habari zako, sitawaambia hadithi nzuri wanayoipenda kule semina, ya mwalimu aliyeandika na dawa ikaja. Nitawaambia uliitwa Prisca, ulikuwa mbishi, ulitia chumvi nyingi, watoto wa darasa la tatu walikusalimu ukiwa kwenye pikapu. Nitawaambia dawa ilikuwepo duniani siku uliyokufa. Ilikuwepo, imepangwa kwenye makasha mahali fulani, na haikuwa imepanda huku. Wakishajua hilo, ndipo nitawapa kalamu.

Mvua inarudi, naona imefunika Machame yote na inakuja. Acha niingie ndani kabla karatasi haijaloa. Aika, wifi yangu, asante kwa ule mkono wa barabarani. Pumzika wewe, pumzika na kwa ajili yangu.

Ni mimi,
Resti